Wanyama wa Tendaguru juu ya meza ya sebuleni

Hotuba iliyotolewa Lindi mjini mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi ambao kwa hakika ndio mlionifanya niukubali mwaliko huu: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Sanduku hili la mbao lililo mbele yenu lina sanamu ndogo 63 za wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Nyingi ni za plastiki, chache ni za mpira mgumu, moja ni ya mpingo. Nimezikusanya kwa miaka 18, moja moja, kama haba na haba inavyojaza kibaba. Nimeombwa nieleze kwa nini mwalimu mstaafu mwenye wajukuu hutumia sehemu ya pensheni yake kununua vitu ambavyo wengi huviita midoli ya watoto. Jibu langu ni fupi, ingawa maelezo yake yatachukua muda: baadhi ya wanyama mashuhuri kuliko wote waliomo humu walikuwa wenyeji wa Lindi, na hakuna mahali popote kwenye miili ya sanamu zao palipoandikwa hivyo.

Naomba nianze na hii moja, ambayo ndiyo iliyoanzisha mkusanyo wote. Niliinunua Mtwara, kwa muuza mitumba aliyekuwa amefungua robota la midoli mchanganyiko na kuimwaga juu ya turubai: magari yasiyo na magurudumu, wanasesere wasio na nywele, vipande vya mafumbo ambavyo haviwezi tena kukamilisha picha yoyote. Katika lile fungu ilichomoza shingo ndefu. Niliivuta, ikatoka hivi mnavyoiona, ya rangi ya majivu yenye ukijani kidogo mgongoni, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma hata mgongo ukateremka kama paa la banda, kichwa kidogo kama korosho moja, na juu ya pua uvimbe uliopinda kama upinde. Ncha ya mkia ina alama za meno ya mtoto. Nililipa shilingi 1,500. Nilipofika nyumbani niliiosha kwa sabuni, nikaigeuza, na tumboni nikakuta herufi ndogo zilizochorwa na kalibu, zinazosema kwamba imetengenezwa China na kwamba mnyama huyu anaitwa Brachiosaurus.

Jina hilo ni la mnyama wa Marekani. Mwaka 1900 mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, aitwaye Elmer Riggs alifukua mifupa ya mnyama mkubwa sana huko Colorado, na mwaka 1903 akamwita Brachiosaurus altithorax. Mifupa yake ilikuwa michache, na fuvu la kichwa halikuwamo. Miaka michache baadaye, katika kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilometa 60 kaskazini-magharibi ya hapa tulipokaa, ilifukuliwa mifupa mingi zaidi ya mnyama aliyefanana naye, na safari hii fuvu lilipatikana. Mjerumani Werner Janensch alimwandika mwaka 1914 na kumpa jina la ukoo lile lile la Marekani, akamwita Brachiosaurus brancai. Mwaka 1937 kiunzi chake kilisimamishwa katika Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Berlin, na leo kina kimo cha mita 13.27, wala hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa popote duniani kikakipita kwa kimo. Basi kila mchoraji na kila mchonga kalibu aliyetaka kuonyesha Brachiosaurus alifanya nini? Alimtazama aliyekuwa na kichwa. Alimtazama wa Lindi.

Wataalamu walikuja kugundua kwamba hawa wawili hawakuwa wa ukoo mmoja. Gregory Paul alionyesha tofauti hizo mwaka 1988, na mwaka 2009 Michael Taylor aliilinganisha mifupa yao mmoja mmoja akahesabu tofauti 26. Mnyama wetu sasa anaitwa Giraffatitan brancai, yaani jitu lenye umbo la twiga. Lakini viwanda vya midoli havikubadilika kwa haraka hiyo. Ule uvimbe juu ya pua niliowaonyesha, ile shingo, ule mteremko wa mgongo, vyote vimeigwa kutoka mifupa iliyotoka katika ardhi ya mkoa huu, na bado tumboni limeandikwa jina la mnyama wa Marekani. Siku nilipolielewa jambo hili nilikaa kitako na sanamu hii mkononi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefundisha jiografia ya Lindi kwa miaka mingi, na mtoto asiyejulikana wa nchi ya mbali alikuwa amemng'ata mkia mnyama wa Lindi kabla yangu.

Wengi wenu mmelisikia jina la Tendaguru, lakini tulisikie tena kwa utaratibu. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler alikuta mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi kandokando ya kilima hicho. Mwaka uliofuata alikuja profesa Eberhard Fraas akachukua baadhi ya mifupa hadi Stuttgart. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa, kwanza chini ya Janensch na mwenzake Edwin Hennig, kisha chini ya Hans Reck. Kumbukeni kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, na watu wa kusini walikuwa wametoka katika njaa na mauaji. Hao ndio waliochimba. Mamia ya wanaume walifanya kazi pale kwa misimu, wengi wakiwa na wake na watoto wao, na wapagazi waliibeba mifupa kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jumla ilizidi tani 200. Hapakuwa na reli, hapakuwa na gari, na mbung'o hawakuruhusu punda wala ng'ombe kufanya kazi hiyo.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye alijifunza kuufukua na kuusafisha mfupa uliooza nusu bila kuuvunja, kazi inayohitaji subira ya mshona kofia. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Naomba mlishike jina la mzee huyu, kwa sababu nitalirudia.

Sasa nieleze kazi yenyewe ya kukusanya, maana wapo kati yenu watakaotaka kuanza.

Jambo la kwanza ambalo mkusanyaji hulitazama ni kipimo. Sanamu nyingi nzuri hutengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 40, maana yake mnyama halisi ni mkubwa mara 40 kuliko sanamu yake. Giraffatitan wa mita 13.27 kwa kipimo hicho hufikia sentimita 33, sawa na urefu wa rula ya darasani na ziada kidogo. Kentrosaurus, mnyama mwingine wa Tendaguru ambaye alikuwa na urefu wa kiasi cha mita nne na nusu, huwa na sentimita 11. Mtu mzima huwa na sentimita nne na robo tu, hafiki hata bega la Giraffatitan. Kwa hiyo, mkitaka kuwaweka wanyama pamoja juu ya meza moja, hakikisheni wana kipimo kimoja, vinginevyo mtakuwa na Kentrosaurus mkubwa kuliko jitu la shingo ndefu, na mtoto anayetazama atajifunza uongo bila mtu yeyote kumwambia uongo. Mimi huweka karibu nao kipande cha njiti ya kiberiti chenye urefu wa mtu. Kinatosha.

Viwanda vyenyewe sitavizungumzia sana. Waingereza wa Invicta walianza katika miaka ya 1970 kutoa sanamu zilizokaguliwa na wataalamu wa makumbusho ya London. Wamarekani wa Safari Ltd walishirikiana na makumbusho ya Carnegie ya Pittsburgh kuanzia 1988 hadi 2015. Wajerumani wana Schleich na Bullyland, Wafaransa wana Papo, Wachina wana PNSO, na CollectA wanajulikana kwa kutoa wanyama ambao wengine huwaacha. Majina haya utayakuta yamechorwa tumboni au chini ya wayo. Sanamu isiyo na jina lolote mara nyingi ni nakala ya nakala, ambayo kila mara ilipoigwa ilipoteza kidole kimoja au jicho moja. Nazo pia nazinunua, kwa sababu mtoto wa Mtwara hukutana na hizo kwanza.

Jambo la pili ni kuukagua mwili. Chukueni sanamu ya mnyama wa shingo ndefu, mtazame miguu ya mbele. Nyingi zimewekewa kucha tano za duara kama za tembo. Si kweli. Wanyama wa jamii hiyo walikuwa na ukucha mmoja tu katika mguu wa mbele, kwenye kidole gumba. Mtazame na mkia. Sanamu za zamani huuburuta mkia chini kama kenge, wakati mifupa inaonyesha kwamba mkia uliinuliwa, na hata kile kiunzi cha Berlin chenyewe kilibomolewa na kusimamishwa upya mwaka 2007 ili kurekebisha mkao wake. Kwa hiyo ukikuta sanamu ya zamani yenye mkia chini usiitupe. Hiyo inakuonyesha walivyofikiri watu wa wakati ule, na ukiiweka kando ya mpya unapata somo la historia ya sayansi kwa bei ya chapati mbili.

Wapo pia wanaouzwa kwa jina la dinosaria na si dinosaria. Huyu mwenye tanga mgongoni ni Dimetrodon. Alitoweka mamilioni ya miaka kabla ya dinosaria wa kwanza kuzaliwa, na kiukoo yuko karibu zaidi na sisi wanyonyeshao kuliko na Kentrosaurus. Na hawa wenye mbawa za ngozi ni jamii nyingine iliyojitegemea. Wauzaji huwafunga wote katika mfuko mmoja wa nailoni pamoja na miti miwili ya plastiki na kipande cha nyasi. Nyasi hizo ziondoeni. Wakati wa wanyama wa Tendaguru hapakuwa na nyasi duniani. Palikuwa na misonobari na jamaa zake, kangaga, na kwa hapa kwetu palikuwa na pwani, kwa maana katika miamba ya Tendaguru tabaka zenye mifupa ya dinosaria zinapishana na tabaka zenye kombe za baharini. Kwa hiyo mimi huwasimamisha wanyama wangu juu ya mchanga wa ufukweni wa hapa hapa Lindi, na naamini hawako mbali na nyumbani kwao.

Kuhusu muda, nilitumia kamba. Nilipokuwa bado nafundisha, nilinyoosha kamba ya katani sakafuni na kuwaambia wanafunzi kwamba sentimita moja ni miaka milioni moja. Sisi tulikuwa mwanzo wa kamba. Tyrannosaurus, yule mla nyama wa meno makubwa anayependwa na kila mtoto, aliwekwa kwenye sentimita 66. Giraffatitan na Kentrosaurus waliwekwa kwenye sentimita 150. Darasa zima lilinyamaza, kisha msichana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akasema, "Mwalimu, basi huyu wa meno yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na wa Lindi." Ndivyo ilivyo. Katika midoli wanauzwa wakipigana, lakini kati yao kulikuwa na zaidi ya miaka milioni 80. Kamba hiyo hiyo ukiivuta hadi kwenye sentimita 240 na ushei unamfikia Nyasasaurus, ambaye mifupa yake ilipatikana upande wa Ziwa Nyasa na aliyeandikwa mwaka 2013 kuwa huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Ndege dodo wa Mauritius, aliyetoweka katika karne ya 17, na kwaga, yule jamaa wa punda milia ambaye wa mwisho wao alikufa Amsterdam mwaka 1883, wote wawili kwenye kamba hawafikii hata unene wa unywele mmoja kutoka tuliposimama sisi. Ninazo sanamu zao. Nimeziweka mstari wa mbele kabisa.

Na nyuma yao nimemweka samaki huyu mzito wa rangi ya buluu yenye madoa meupe, silikanti, ambaye hakutoweka. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu, wakaamini kwamba alikufa pamoja na dinosaria, hadi mwaka 1938 alipovuliwa mmoja akiwa hai Afrika Kusini. Mwaka 2003 wavuvi wetu walimpata karibu na Songo Mnara, wilayani Kilwa, katika mkoa huu huu. Mjukuu wangu humwita "aliyekataa kufa", nami nimemwachia jina hilo.

Utunzaji nao una shida zake katika pwani yetu. Plastiki laini ikikaa kwenye joto na unyevu kwa miaka huanza kutoa mafuta na kunata kama ngozi ya embe lililoiva sana. Vumbi likishika hapo halitoki kwa kufuta. Osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni nyepesi, tumieni mswaki wa zamani kwenye mikunjo, kisha mkaushe kivulini. Msiwafungie ndani ya mfuko wa plastiki. Na jua ni adui mkubwa zaidi. Mwaka mmoja nilisafiri kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam na sanamu mpya ya Giraffatitan niliyokuwa nimeisubiri kwa miezi mitano, nikaiweka dirishani kwenye basi ili niitazame njiani. Tulipofika Nangurukuru shingo ilikuwa imeinama hadi magotini. Niliumia kweli. Fundi simu mmoja ndiye aliyenifundisha dawa yake: chovya sehemu iliyopinda kwenye maji ya moto yasiyochemka, iache hadi ilainike, inyooshe kwa vidole taratibu, kisha itumbukize mara moja kwenye maji ya baridi ili ishike umbo. Ilinyooka. Imebaki na mstari mwembamba mweupe kooni, ambao mkikaribia mezani mtauona.

Lakini nataka kuzungumza zaidi juu ya hii moja ya mpingo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko zote.

Nilikuwa na Kentrosaurus watatu wa plastiki, na hakuna aliyenitosheleza. Mnyama huyu aliandikwa na Hennig mwaka 1915, na jina lake kamili ni Kentrosaurus aethiopicus, yaani mjusi wa miiba wa Afrika. Shingoni na mgongoni ana vibamba vilivyosimama viwili viwili, kisha kuanzia katikati ya mgongo vibamba hivyo hubadilika taratibu kuwa miiba mirefu hadi ncha ya mkia, na mwiba mwingine hutokeza ubavuni, kwenye bega. Kwenye plastiki miiba hiyo huwa butu, kwa sababu viwanda hufikiria usalama wa watoto wadogo, na hilo siwalaumu. Nikaenda Mtwara kwa fundi mmoja Mmakonde ambaye familia yake imechonga vinyago kwa vizazi vitatu. Nilimpa michoro ya kiunzi na sanamu mojawapo.

Aliitazama sanamu, akaigeuza kichwa chini, akaniuliza, "Mwalimu, huyu alikuwa analalaje?"

Katika miaka yote ya kusoma habari za mnyama huyu sikuwahi kujiuliza swali hilo. Tulikaa kwenye gogo chini ya mwembe wake tukaitazama michoro. Yeye alitaka kujua mkia ulipinda wapi, kwa sababu mpingo una uzi, na mwiba ukichongwa kinyume cha uzi wa mti huvunjika siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba mwaka 2011 mtaalamu Heinrich Mallison alitumia kompyuta kuupima mkia huo pingili kwa pingili, akaonyesha kwamba mnyama aliweza kuuzungusha karibu nusu duara, nyuma na ubavuni, kwa nguvu ya kumjeruhi adui vibaya. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Basi mkia nauchonga ukiwa katika kupiga, hapo uzi utanifuata."

Alichukua wiki sita. Mwili ni wa kiini cheusi cha mpingo, lakini miiba hakuichonga katika gogo lile lile. Aliichonga mmoja mmoja kwa ile sehemu ya nje ya mti iliyo na rangi ya maziwa, akaisugua kwa msasa hadi ikawa na ncha kama ya sindano ya ukili, akatoboa mashimo mgongoni na kuipandikiza. Ikimulikwa na taa, mgongo unakuwa mweusi tii na miiba inang'aa kama mfupa. Vibamba vya shingoni amevikata vyembamba kiasi kwamba ukiviweka mbele ya mwanga unaona wekundu ndani yake. Na mkia umepinda kushoto, umo katikati ya pigo, na mguu wa nyuma wa kulia umekanyaga kwa uzito zaidi ya wenzake, jambo ambalo hakuna kiwanda chochote kati ya vile nilivyovitaja kilichonionyesha. Nilimuuliza alijuaje kuuweka uzito pale. Akasema kwamba mtu anayepiga kwa mkono wa kushoto husimamia mguu wa kulia.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba midoli hii ni mambo ya Wazungu. Hoja hiyo siikubali, na nina sababu. Mifupa ilifukuliwa na mababu wa watu waliomo ukumbini humu, ilibebwa na vichwa vyao, na Boheti bin Amrani aliisafisha kwa mikono yake kabla profesa yeyote wa Berlin hajaigusa mezani. Kusini hii hii ina wachongaji ambao dunia nzima inawajua. Kama kuna watu duniani wenye haki na uwezo wa kutengeneza sanamu za wanyama wa Tendaguru, ni sisi. Juu ya mifupa yenyewe kurudi au kubaki Berlin, mjadala upo na una wenyewe wanaouelewa kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba sanamu hatuhitaji kumwomba mtu.

Hapa niseme neno kwa ukali kidogo, hasa kwa vijana wanaotoka vijiji vya upande wa Mipingo na bonde la Mbwemkuru. Kukusanya sanamu si ruhusa ya kukusanya mifupa. Ukiona mfupa wa jiwe umejitokeza shambani, usiung'oe, usiuvunje uone ndani, usiuuze kwa mtu yeyote mwenye gari zuri. Visukuku ni mali ya taifa na vinalindwa na sheria ya mambo ya kale. Zaidi ya sheria, mfupa uliong'olewa umepoteza habari zake: uliokuwa juu yake, uliokuwa chini yake, tabaka ulimolala. Mpeni taarifa mwenyekiti wa kijiji au afisa utamaduni, mkaache kitu kilipo.

Kwa sababu hiyo hiyo, ya kutopoteza habari, kila sanamu yangu ina kadi. Hili ndilo ninalowaomba kwa dhati wale mtakaoanza. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, nusu ya ukubwa wa kiganja. Juu naandika jina la mnyama, chini yake mahali mifupa yake ilipopatikana, umri wake kwa mamilioni ya miaka, aliyemwandika na mwaka, na pale ninapomjua, aliyemchimba. Mwisho naandika mahali na siku niliyoipata sanamu yenyewe na bei. Yule Giraffatitan wa robota la mitumba ana kadi inayosema: Tendaguru, Lindi, kiasi cha miaka milioni 150. Nilifikiria kulikwangua lile jina la tumboni. Niliacha, kwa kuwa hata kosa la kiwanda ni sehemu ya historia yake, lakini kadi inasimama mbele yake na anayetazama husoma kadi kwanza.

Mkianza kuandika kadi mtaona jambo ambalo liliniteka mimi. Majina yenyewe yanazungumza lugha yetu. Shingopana, aliyeandikwa mwaka 2017 kutoka bonde la Songwe, ni shingo pana. Mnyamawamtuka moyowamkia wa mwaka 2019 ni mnyama wa mto Mtuka, na pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Asilisaurus kongwe hahitaji mkalimani. Tendaguria tanzaniensis amebeba kilima na nchi. Mtoto wa Tokyo au wa Chicago anayetaka kuyaelewa majina haya lazima afunue kamusi ya Kiswahili, na ninyi mmezaliwa mkiyajua.

Mmoja nimemwacha makusudi hadi sasa. Mwaka 2019 wataalamu walioichunguza upya mifupa iliyotoka Tendaguru zaidi ya miaka 100 kabla waligundua kwamba mkia mmoja uliokuwa umehesabiwa kuwa wa mnyama mwingine ulikuwa wa mnyama wake peke yake. Walimwita Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza ya jina ni Wamwera, watu wa ardhi hii, na "cauda" kwa Kilatini ni mkia. Sehemu ya pili ni heshima kwa Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa hiyo. Wamwera mliomo humu, inueni mikono niwaone. Ahsanteni. Kadi yake hii hapa, nimekwisha kuiandika. Sanamu yake sina. Nimeitafuta kwa miaka kadhaa, kwa wauzaji wa mitumba na kwa jamaa walioko nje, na sijaipata.

Kwa hiyo leo nimekuja na ndoo mbili za udongo wa mfinyanzi, ziko pale nyuma karibu na mlango, na mwalimu wenu wa sanaa ameniruhusu kutumia vipindi viwili vya mchana. Nimechora pingili kwenye karatasi, kwa kipimo cha 1 kwa 40, zipatazo 30. Kila atakayependa atachukua moja. Kichwa, shingo na miguu tutaviacha kwanza. Tutaanza na mkia, kwa sababu mkia wake ndio uliochimbwa.